Kitabu kimoja, bei tatu: kisa cha chama cha wachezaji kilichoagiza vitabu kutoka Marekani

Kisa hiki kilitokea Nairobi kati ya Novemba 2023 na katikati ya 2025. Nilikuwa mweka hazina wa chama chenyewe, cha wachezaji wa mchezo wa hadithi wa mezani, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu. Majina ya wanachama, mtaa tunaochezea, duka la mtandaoni tulilonunulia na kampuni iliyotuletea mzigo nimeyaacha nje. Hesabu ni za daftari letu.

Usuli

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne, watano au sita huketi mezani. Mmoja anaongoza hadithi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu huamua. Hakuna ubao wa lazima wala kompyuta. Kinachohitajika ni penseli, dadu, na kitabu cha kanuni. Dungeons & Dragons, ambao ndio mkongwe na ndio tunaoucheza, ulitoka mara ya kwanza 1974 huko Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya boksi la dola 10.

Chama chetu kilianza 2021 na watu sita. Kufikia mwisho wa 2023 tulikuwa 18, meza mbili kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha juu cha mkahawa ambao mwenyewe anaturuhusu kukaa mradi tunaagiza chai. Watu wote hao walikuwa na kitabu kimoja cha mchezaji. Dada wa mwanachama mmoja alikileta kutoka Marekani 2019. Mgongo wake ulikuwa umevunjika ukurasa wa 241, penye uchawi wa Mpira wa Moto, kwa sababu kila mwenye mhusika mchawi lazima afike hapo, na tulikuwa tumeubandika kwa selotepu pana ya kahawia, ile ya kufungia makatoni. Zamu ya mtu ikifika naye hajui uchawi wake unafanyaje, wenzake wanangoja apekue. Meza ya pili ikikihitaji, kitabu kinabebwa kupelekwa huko na mchezo wa huku unasimama.

Wengi wetu tuliamini kwamba wachapishaji wanatunyonya. Nilipoanza kufuatilia bei niliona mambo si hivyo. Kitabu cha mchezaji cha 1978 kiliuzwa dola 9.95, ambazo ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani zinakaribia dola 48 za 2024. Cha toleo la tano, la 2014, kilitoka kwa dola 49.95 na bei hiyo ikakaa miaka mingi bila kuguswa. Mwaka 2023 mchapishaji alipandisha vitabu vipya hadi dola 59.95 akitaja gharama za uchapishaji na usafirishaji, na kweli wakati wa korona kontena la kutoka Asia lililokuwa likilipiwa chini ya dola 2,000 lilifika zaidi ya 10,000. Hata hivyo kitabu cha mchezaji cha 2024 kikatoka kwa dola 49.99, tena kikiwa na kurasa 384 badala ya 320. Kwa Mmarekani, ukipima kwa thamani ya fedha, kitabu kimeshuka bei katika miaka kumi.

Kwetu hesabu ni nyingine kabisa. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa shilingi 101 hivi, na Januari 2024 ikafika 160. Kitabu kilekile cha dola 49.95 kilitoka shilingi 5,000 hadi karibu 8,000 bila mchapishaji kuongeza hata senti. Hapo mzigo haujapanda ndege. Vitabu havitozwi ushuru wa forodha Afrika Mashariki, lakini Kenya imeviwekea VAT ya asilimia 16 tangu 2013, na nauli ya ndege inahesabiwa kwa kilo. Vitabu hivi vina jalada gumu na karatasi nzito ya rangi. Kimoja kikifungwa vizuri kinavuka kilo moja na robo. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi wakati huo kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, kwa hiyo kitabu kimoja kilimeza zaidi ya nusu yake.

Yaliyotokea

Novemba 2023 mwanachama mmoja alipendekeza tuagize kwa pamoja. Wazo lilieleweka haraka, maana kila mtu mezani yuko kwenye chama kingine cha ndugu au cha kazini na anajua mchango unavyokwenda. Watu 12 walijiandikisha. Duka moja la mtandaoni Marekani lilikuwa likiuza kitabu kwa dola 32, chini ya bei ya jalada, na kampuni ya mizigo ilitaka dola 13 kwa kilo, kodi zikiwemo.

Desemba nikapiga hesabu. Vitabu 12 kwa dola 32 ni dola 384. Kilo 16 kwa dola 13 ni dola 208. Jumla dola 592, yaani dola 49 na senti kadhaa kila kimoja. Kwa dola ya shilingi 155 ilikuja kama 7,650. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya kuyumba kwa shilingi, nikatangaza kwenye kikundi cha WhatsApp: kitabu ni 8,000, dipositi 3,000, salio mzigo ukifika. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeuliza swali pia, na leo najua kwamba kimya kile hakikuwa makubaliano.

Tulilipia vitabu Januari 25. Benki ilitukata kwa 163. Dola 384 zikawa shilingi 62,592. Dipositi za watu 12 zilikuwa 36,000, na 26,592 zilizobaki tulizitoa kwenye mfuko wa chama uliokuwa na 42,000.

Kisha Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 nje ya nchi ili kulipia sehemu ya ile kubwa iliyokuwa inaiva Juni, hofu ya soko ikatulia, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Mzigo ulipofika mwisho wa Machi, benki ilikuwa ikiuza dola kwa 134. Nauli ya dola 208 nikailipa kwa shilingi 27,872. Mfuko wa chama ulitoa 15,000 na kubaki na shilingi mia chache. Hizo 12,872 nyingine zilitoka mfukoni mwangu.

Jumamosi iliyofuata makatoni mawili yalikuwa mezani, yananukia wino mpya, na hakuna aliyekuwa na furaha. Kijana mmoja anayesomea uhasibu alikuwa ameshapiga hesabu kwenye simu. "Leo hii," akasema, "nikiagiza mwenyewe kinanifikia kwa 6,600. Mbona nilipe 8,000?" Mwingine akaniuliza mimi moja kwa moja gharama halisi ilikuwa ngapi. Nikafungua daftari: 62,592 na 27,872 ni 90,464, ukigawa kwa 12 ni 7,539. Chumba kikanyamaza. Kumbe kwa bei ya 8,000 chama kingebaki na faida ya shilingi 461 kwa kila kitabu, faida ambayo sikuipanga na sikujua ipo mpaka nilipoisoma kwa sauti mbele yao.

Kitabu kimoja kikawa na bei tatu mezani: ile waliyoikubali, ile kilichotugharimu, na ile ambayo kingegharimu siku hiyo. Kila moja ilikuwa na watu wake, na kila upande ulisema kweli.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Kabla ya kufika kwenye uamuzi wa bei, niseme kuhusu uamuzi wa kuagiza wenyewe, kwa sababu ndio uliolaumiwa zaidi baadaye. Tangu Agosti 2022 mchapishaji alikuwa ametangaza kwamba kanuni zilizorekebishwa zitatoka 2024. Wawili kati yetu walikumbusha hilo Novemba. Tuliagiza hata hivyo, kwa sababu mbili. Kampeni mpya, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, ilikuwa inaanza Aprili na meza mbili haziwezi kuishi na kitabu kimoja cha selotepu. Na Januari 2024 mji mzima ulikuwa ukisema dola inaelekea 170, hata 180. Tuliogopa kwamba tukisubiri, hata kitabu cha zamani hatutakiweza. Mtu akiuhukumu uamuzi ule kwa bei ya Machi anatuonea. Kwa tuliyoyajua Januari, woga wetu ulikuwa na msingi. Lakini ni kweli pia kwamba tulinunua kwa woga, na kwamba hakuna aliyeuliza swali rahisi: je, vinahitajika 12, au vinatosha vitano?

Uamuzi wa bei ulichukua saa mbili. Waliotaka 8,000 walisema neno ni neno, na kama dola ingepanda hadi 180 hakuna mwanachama ambaye angekubali kuongeza. Hoja nzito, kwa sababu hatari ile ingebaki kwa mfuko. Waliotaka 6,600 walisema chama si duka, hakiwezi kumuuzia mwanachama bidhaa ghali kuliko sokoni. Mwishowe tulikubaliana kwa 7,550: gharama halisi, risiti zikiwa wazi, bila faida. Salio la kila mtu likawa 4,550. Niliunga mkono bei hii na hadi leo naona ndiyo iliyokuwa ya haki, ijapokuwa haikumridhisha mtu yeyote kikamilifu.

Saba walilipa, wengine papo hapo, wengine kwa awamu hadi Mei. Watano walikataa, au walinyamaza, jambo ambalo kwa mweka hazina ni lilelile. Hapo likaja swali la dipositi zao. Hatukuwa na kanuni. Kuwarudishia hatungeweza, fedha zilikuwa zimeshageuka kuwa karatasi. Kuwanyang'anya kungewafukuza watu ambao tunacheza nao kila wiki. Tukaamua hivi: kitabu kinabaki cha chama, na zile 3,000 zinageuka ada ya meza iliyolipwa mapema. Ada ni shilingi 100 kwa kikao, kwa hiyo kila mmoja akawa na vikao 30. Mfuko haukutoa hata shilingi, na aliyekataa kitabu hakupoteza kitu chote.

Uamuzi wa mwisho ulihusu nakala za wizi. Nusu ya wanachama walikuwa na vitabu vizima kwenye simu, vilivyoskaniwa na mtu asiyejulikana, na pendekezo lilitolewa kwamba tuvichape tu tumalize shida. Chama kilikataa. Sababu ya kwanza ilikuwa sheria ya hakimiliki, maana anayekamatwa si aliye na faili kwenye simu bali aliye na rundo la nakala dukani. Ya pili aliisema mwanachama anayechora vibonzo kwa kazi: kwamba yeye analipwa pale tu mtu anapoona aibu kuiba kazi yake. Hakuna aliyemjibu.

Kijitabu

Njia nyingine ilikuwepo, na ilipatikana kwa sababu ya ugomvi uliotokea mbali na sisi. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya Dungeons & Dragons ilivuja, nayo ilikusudia kuifuta leseni huria ya mwaka 2000 ambayo watunzi wengi wadogo walijenga kazi zao juu yake. Wachezaji walikuja juu duniani kote. Mwisho wa mwezi huohuo mchapishaji alirudi nyuma na kuuweka muhtasari wa kanuni za toleo la tano, kurasa 403, chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kunakili, kubadilisha, kutafsiri na hata kuuza, mradi ataje zilikotoka.

Muhtasari huo hauna kila kitu. Una madaraja yote 12 ya wahusika (mchawi, kasisi na kadhalika) lakini kila daraja lina tawi moja tu: ukiwa kasisi utakuwa wa Uhai, hakuna njia nyingine. Hauna picha. Lakini Mpira wa Moto umo, na hesabu zote za mapigano zimo.

Julai 2024 tulichagua kurasa anazohitaji mchezaji, tukaacha wanyama na majini ambao ni wa mwongozaji, tukapeleka faili kwa wachapaji wa River Road. Kwanza tulijaribu kubana ukurasa mzima uwe nusu ili kuokoa karatasi. Sampuli ilikuja nzuri kwa mbali. Mama mwenye mashine akaishika chini ya taa ya dirishani, akavaa miwani, akajaribu kusoma jedwali la nafasi za uchawi za kila ngazi, akaiweka mezani. "Mtoto wangu, hii utamuuzia nani? Mimi naona mchwa." Alikuwa sahihi. Kabla ya kukubali kazi aliuliza pia kama kitabu ni chetu, tukamwonyesha ukurasa wa leseni, akausoma wote, akataka nakala yake abaki nayo.

Mwanachama mmoja akajitolea kuyapanga maandishi upya: safu moja, herufi kubwa, majedwali kwenye kurasa zao wenyewe, na pembeni maelezo mafupi ya Kiswahili kwa wageni. Kazi ikamla wiki sita za usiku. Kilichotoka kilikuwa na kurasa 164, zilizochapwa pande mbili kwa shilingi 3 kila ukurasa, ambazo ni 492. Jalada la rangi 80. Kufunga kwa springi 100. Jumla 672. Tukakiuza 900, na katika zile 228 za juu, 200 zilikwenda kwa aliyekipanga, 28 mfukoni mwa chama. Nakala 20 za kwanza zilikwisha kwa vikao vitatu.

Matokeo

Vitabu vitano vilivyobaki tulijaribu kuviuza kwa 6,500 na hakuna aliyeuliza mara mbili. Agosti, habari za toleo jipya la Septemba zikiwa zimeshamfikia kila mtu, wageni wawili walivichukua viwili kwa 4,500 kila kimoja. Vitatu vikawa vya meza. Pengo la 22,750 lililoachwa na wale watano likapungua hadi 13,750, na likazibwa taratibu na ada za meza. Deni langu lilimalizika kulipwa Februari 2025.

Upande wa mchezo, mambo yalikwenda vizuri kuliko upande wa fedha. Vitabu saba vya watu na vitatu vya meza, pamoja na vijitabu 20, viliondoa foleni. Mchezaji mpya anakuja, ananunua kijitabu cha 900, anaanza siku hiyohiyo. Meza ya tatu ilifunguliwa Novemba 2024. Wanachama wawili waliondoka kwa sababu ya suala la bei, na mmoja kati yao alikuwa mwongozaji mzuri. Hilo ndilo pengo ambalo ada za meza hazikuliziba.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa dola. Kosa lilikuwa kutaja bei moja ya shilingi kwa kitu cha dola bila kusema nani anabeba mabadiliko. Bei ile ya 8,000 ilionekana kama jibu, kumbe ndani yake kulikuwa na makisio matatu: dola itakuwa wapi siku ya kununua, itakuwa wapi siku ya kulipa nauli, na watu watajisikiaje siku ya kupokea. Makisio hayo niliyafanya peke yangu kichwani. Laiti ningeandika kwenye tangazo lile "kitabu ni dola 49, utalipa kwa kiwango cha benki cha siku husika, risiti zitaonyeshwa," bei ingepanda au kushuka na hakuna ambaye angehisi ameibiwa. Sasa ndivyo tunavyoandika.

Dipositi nayo ilikuwa ndogo mno. Elfu tatu kati ya elfu nane ni kiasi ambacho mtu anaweza kukiacha. Bei ya vitabu ilipaswa kulipwa yote na mwagizaji kabla ya kununua, na mfuko usaidie nauli peke yake. Mfuko wa chama uligeuka mkopeshaji bila kikao chochote kuamua hivyo, na mimi pia. Siwashauri waweka hazina wenzangu kutoa fedha zao kuziba pengo la mzigo, hata kwa nia njema. Ukishatia yako huwezi tena kuongoza majadiliano ya bei kama mtu asiye na upande, na wanachama wanaliona hilo hata kama hawasemi.

Idadi ilikuwa kosa ambalo lingerekebishika kwa swali moja. Tulihesabu vichwa, hatukuhesabu matumizi. Kwenye meza ya watu sita vitabu viwili vinatosha, wanaoongoza hadithi wakiwa na vyao. Kwa meza mbili, vitano vya chama vingetugharimu chini ya 38,000 kwa bei zilezile, kiasi ambacho mfuko ulikuwa nacho bila kumwomba mtu dipositi. Tungekuwa na vitabu, tungekosa ugomvi. Nadhani tuliongozwa na tamaa ya kila mmoja kuwa na chake, tamaa ambayo naielewa vizuri, maana kitabu hiki ni kizuri kushika na picha zake ndizo zilizowavuta wengi wetu kwenye mchezo. Lakini tamaa hiyo ni ya mtu binafsi na ilipaswa kulipiwa na mtu binafsi.

Wapo waliouliza kwa nini hatukuhamia mchezo wa bei nafuu. Hoja ina nguvu. Pathfinder ilipotoka 2009 kitabu chake kikuu cha kurasa 576 kiliuzwa dola 49.99, lakini faili lake rasmi lilikuwa dola 9.99, na leo kanuni zake zote zinasomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys kwa idhini ya mchapishaji. Kwa anayeishi mbali na ghala la Marekani, mchapishaji anayeuza faili kwa bei ya chini ni rafiki kuliko anayepunguza dola tano kwenye jalada gumu, kwa sababu faili halina kilo. Mchapishaji wa mchezo wetu hauzi vitabu vikuu vya toleo la tano kama PDF. Tulipiga kura, wanne tu wakataka kuhama. Wageni wanapanda ngazi za mkahawa ule wakiwa wamesikia jina moja, na anayeongoza meza anajua ugumu wa kumwambia mgeni kwamba tunacheza kingine.

Kijitabu ndicho kilichofanikiwa zaidi, na ndicho kilichonifundisha zaidi kuhusu bei. Aliyekipanga alitumia saa zisizopungua 90. Kwa nakala 20 alipata 4,000, ambazo ni shilingi 44 kwa saa. Nilirudia hesabu kwa malipo ya shilingi 300 kwa saa: 27,000 kugawa kwa 20 ni 1,350, ukiongeza 672 za uchapaji unapata 2,022. Kijitabu chetu cha bei nafuu, kisicho na picha hata moja, kilichojengwa juu ya maandishi tuliyopewa bure, kilipaswa kuuzwa zaidi ya shilingi 2,000. Kilikuwa 900 kwa sababu mwenzetu mmoja alibeba tofauti usiku baada ya kazi. Baada ya hapo niliacha kusema kwamba dola 50 kwa kurasa 384 za rangi, zenye wachoraji, wahariri na wajaribu kanuni, ni wizi. Ni bei kubwa kwa mfuko wetu. Hayo ni mambo mawili, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiyataja kama jambo moja.

Ukubwa wa toleo la kwanza nao ulituponza. Gharama ya kupanga maandishi hailipwi na nakala 20. Ingegawanywa kwa 100, mpangaji angelipwa zile 27,000 na kijitabu kingeuzwa 950. Wachapishaji wakubwa wanalijua hili, ndiyo maana mwaka 2000 kitabu cha mchezaji cha toleo la tatu kilianza kwa dola 19.95 na kupandishwa baadaye: walitaka watu wengi waingie kwanza. Chama cha watu 18 hakiwezi kuuza nakala 100 peke yake. Vyama vitatu au vinne vikiungana vinaweza.

Aprili 2025 muhtasari wa kanuni mpya nao ukatolewa chini ya leseni ileile, na safari hii tulianza upande wa pili. Kabla ya mtu kugusa kompyuta, kikao kiliidhinisha 15,000 kwa mpangaji, tukaandikiana na kikundi kingine cha wachezaji mjini wachukue nakala 30, na bei ya 1,100 ikatangazwa pamoja na mchanganuo wake: uchapaji, mpangaji, akiba ya mfuko. Wawili walilalamika kwamba imepanda kutoka 900. Niliwaonyesha mstari wa saa 90, mmoja akalipa, mwingine anafikiria.

Kati ya wale watano wa dipositi, wanne wamemaliza vikao vyao na wanaendelea kulipa 100 kama kila mtu. Wa tano hajarudi tangu Mei 2024. Ndiye aliyeuliza gharama halisi ilikuwa ngapi, swali ambalo nilipaswa kulijibu kabla halijaulizwa. Mstari wake bado uko kwenye daftari: vikao 30, vilivyotumika viwili, na kikao cha mwisho kimeamua usifutwe.